Askari wa Mwili Wanapomgeukia Mwenye Nyumba

Tumchukue mama anayepalilia ndengu kule Mutomo, Kitui, tangu asubuhi hadi jua la utosi. Jioni uso unamwasha. Mashavu na pua vimepiga weusi kama vilivyobabuliwa na moto. Akiamka, vidole vimekakamaa. Amemeza dawa ya malaria, kisha ya baridi yabisi. Majirani nao wamekwisha kunong'ona kuwa karogwa. Huenda ikawa ni lupasi, maradhi ambayo katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake, wengi wao wa umri wa kuzaa.

Jua linahusikaje? Miale yake huua chembe za ngozi. Kwa kawaida mabaki hayo hufagiliwa upesi, kimya kimya. Kwa mwenye lupasi ufagiaji huzorota, na vitu vilivyofichika ndani ya kiini cha chembe, DNA ikiwemo, hubaki nje. Chembe za kinga huvidhani ni virusi, kwani virusi pia hubeba vitu vya aina hiyo, na kupiga king'ora. Hapo chembe nyingine, zilizopaswa kuuawa au kunyamazishwa kwa kosa la kuuona mwili wenyewe kuwa adui, hupata nguvu na kuanza kumwaga kingamwili. Kingamwili hizo hushikamana na DNA mafungu mafungu na kukwama katika vichujio vya figo. Mkojo hutoa povu, miguu huvimba, na figo zaweza kufa.

Urithi una sehemu yake, na homoni za kike vilevile.

Wala hayazuki ghafla. Mnamo 2003 watafiti wa Marekani walitangaza waliyoyaona katika damu ya wanajeshi 130 wenye lupasi, damu iliyohifadhiwa kabla hawajaugua. Kwa 88 katika kila mia, kingamwili zilikuwamo tayari, wengine kwa miaka tisa! Zile za kushambulia DNA zilichelewa kidogo kutokea.

Dawa yake kuu, haidroksiklorokwini, ni ndugu ya klorokwini, kile kidonge kichungu walichokijua sana watoto wa Makueni kabla Kenya haijaacha kukitegemea kwa malaria mwaka wa 1998. Hupunguza sauti ya kile king'ora. Anayeitumia kwa miaka mingi hupimwa macho, na mkojo wake hutazamwa protini mara kwa mara, hata akijihisi mzima.