Ziwa likifungwa, mvuvi aitwe mezani

UVIRA – Kila tunaposikia habari ya kufunga uvuvi kwenye Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, swali hapa kando ya ziwa ni moja: tutakula nini? Samaki wanapungua, hilo kila mvuvi analijua. Lakini anayetoa amri ana mshahara, na mama anayeuza ndagala hana.

Ndugu wasomaji, tuangalie mbali kidogo. Huko Marekani, jimbo la Washington, kuna mto Quinault unaoingia bahari ya Pasifiki. Kila majira ya baridi hupanda samaki anayeitwa stilihedi. Ni aina ya trauti: anazaliwa mtoni, anakomalia baharini, anarudi mtoni kutaga. Watu hutoka mbali kumtafuta. Wanasimama ndani ya maji ya baridi kali, wanatupa ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, na wengine wanarudi jioni mikono mitupu. Hata hivyo wanalipa.

Sehemu ya chini ya mto huo inapita katika ardhi ya kabila la Quinault. Mgeni hawezi kuvua hapo bila kuongozwa na mtu wa kabila. Huyo ndiye anayejua samaki wanapopumzika, na malipo yanabaki kijijini kwake.

Haki hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Wazee wao walitia sahihi mkataba na serikali mwaka 1855 na 1856. Mwaka 1974 jaji George Boldt aliamua kwamba makabila yenye mikataba yana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Tangu hapo wanakaa meza moja na jimbo kupanga uvuvi.

Je, samaki wamejaa? Hapana. Stilihedi wa asili wamepungua pwani ile. Tangu 2016 jimbo linaagiza warudishwe majini, na Desemba 2020 lilikataza kuvua ukiwa ndani ya mtumbwi kwenye mito mingi ya pwani. Waongozaji wengi waliumia. Kwa hiyo sisemi wao wamemaliza matatizo.

Wala sisemi tungoje watalii. Hakuna atakayekuja Uvira kulipa ili amvue mukeke na kumwachilia. Sisi tunavua ili tule.

Ninachosema ni hiki: kule, anayeishi na mto yumo katika uamuzi, na kuutunza kunamletea mkate. Hapa kwetu mvuvi anaisikia tarehe redioni. Tukitaka ziwa lipumzike kweli, wavuvi na wauzaji waitwe kabla tarehe haijapangwa. Kazi ya kulinda mahali samaki wanapozalia wapewe wao, kwa malipo, katika miezi hiyo mitatu. La sivyo mitumbwi itaendelea kutoka usiku, na sote tunajua ni kwa nini.