MAMBO YA KALE: YATIMA WA BAGAMOYO

Yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Walakini katika pwani ya Afrika ya Mashariki walikuwako zamani mamia ya watoto walioitwa yatima, na huenda wazazi wa wengi wao walikuwa hai.

Habari yao yaanzia Unguja. Mwaka 1860 Padre Fava alifika huko kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na mapadre wengine na masista. Mwaka 1863 kazi yao ikashikwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 Padre Horner akafungua misheni Bagamoyo, ng'ambo ya Unguja, penye ardhi ya kutosha. Watoto walipatikana kwa njia mbili. Baadhi walikombolewa kwa fedha katika soko la watumwa. Wengine waliokolewa na manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi baharini.

Makao hayo yalikuwa shule pia. Watoto walifundishwa dini, kusoma, kuandika na kuimba. Kisha wavulana wakajifunza useremala, uashi na uhunzi, na wasichana wakafundishwa na masista kushona na kazi za nyumbani. Wote walilima. Tufani ya Aprili 1872 ilipobomoa majengo, ilibidi kuyajenga upya. Mwaka uliofuata Sir Bartle Frere, aliyetumwa kwa Seyyid Barghash juu ya kukomesha biashara ya watumwa, aliizuru misheni hiyo akaisifu sana. Mwaka 1875 Waanglikana nao wakaanzisha Frere Town, karibu na Mombasa, kwa ajili ya watumwa waliowekwa huru.

Mtu aweza kuuliza: mbona watoto hawakurudishwa kwao? Njia ya kwenda bara ndiyo iliyokuwa njia ya misafara ya watumwa. Mtoto aliyerudishwa angeweza kukamatwa tena. Tena wengine walitekwa wangali wadogo mno, hata hawakuweza kulitaja jina la nchi yao. Walipobatizwa walipewa majina mapya.

Walipokomaa waliozwa wao kwa wao, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha misheni. Hawakuwa watumwa tena, lakini siku kadhaa za juma walipaswa kuifanyia misheni kazi, na maisha yao yaliongozwa kwa amri na kengele. Wako waliotoroka. Wako pia waliokwenda na mapadre kufungua misheni ya Mhonda mwaka 1877, wakawa msingi wa kanisa la huko.

Wahenga walisema, mkosa kwao ni mtumwa. Mapadre waliweza kuwaondolea watoto hao minyororo, wakawapa chakula, elimu na ufundi. Kuwarudishia kwao hawakuweza. Kwao kupya walikujenga wenyewe, kwa jembe na kwa kuzaa watoto ambao, wakiulizwa watokako, waliweza kujibu bila kusita: "Kwetu ni hapa."

Nyumba ya masista ingaliko Bagamoyo, nayo ni jumba la makumbusho. Azuruye aweza kujifunza jambo lifaalo hata leo: kumlisha na kumsomesha mtoto wa mwenzio ni wema mkubwa, lakini wema huo haujatimia ikiwa hakuambiwa jina la baba yake, na la mama yake, na la mahali alikotoka.