USIMFUNGIE MTU KWENYE KAZI MOJA



Mithali sura ya 6 inamtuma mvivu kwa chungu. Leo nataka sisi viongozi pia twende.

Kule Florida, Marekani, kuna chungu wanaoishi ndani ya mbao. Wafanyakazi wao ni wa aina mbili, wote mabinti wa malkia. Wadogo hutoka kutafuta chakula. Wakubwa, wenye vichwa vinene, zaidi ni walinzi. Ungedhani wana jeni tofauti. La! Kimsingi jeni ni zile zile. Tofauti ni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Jeni zimezungushwa kwenye protini kama uzi. Zikikazwa, hunyamaza. Zikilegezwa, hufanya kazi.

Mwaka wa 2016, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzao walieleza jinsi walivyowadunga walinzi wachanga dawa kwenye ubongo, dawa inayozuia jeni kufungwa. Walinzi wakaanza kutoka kutafuta chakula! Kichwa kilibaki kile kile, kazi ikabadilika. Utafiti uliofuata ulionyesha kuna msimu wake: akidungwa akiwa na siku 5, hubadilika, akiwa na siku 10, habadiliki tena.

Niliposoma hayo, nilimkumbuka kijana mmoja aliyekuwa akipanga viti kanisani. Aliniomba afundishe watoto wa shule ya Jumapili. Nikamwambia, "Karama yako ni viti." Hakubishana. Miezi michache baadaye, hatukumwona tena.

Wapendwa, kupanga viti si kazi ndogo. Mlinzi na mtafuta chakula wote hulisha nyumba moja. Kosa langu lilikuwa kumtazama kichwa tu na kuamua mwisho wake.

Najua mtu si chungu, na Mungu hafungwi na siku 10. Musa alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 80. Lakini mimi na wewe tusijifiche nyuma ya Musa huku tukiwapotezea vijana wetu msimu wao.

Mzazi, mwalimu, kiongozi: wiki hii mpe mtu mmoja nafasi ambayo hajawahi kupewa. Kaa karibu naye anapojaribu.

Na wewe kijana wangu, kama unasoma hapa, nisamehe. Rudi nyumbani. Darasa linakungoja.

Kama umepokea, andika AMINA.