Bubu wa Rufiji na Kipaza Sauti Kilichozimwa

Katika kijiji kimoja cha huku delta ya Rufiji, ambacho sitakitaja kwa kuwa sipendi kuwafedhehesha watu walionikirimu mara nyingi, kamati iliyoaminiwa mambo ya amani na adabu imepitisha amri kwamba picha zote za sinema zinazoonyeshwa katika banda la video zionyeshwe kama zilivyo, maana yake bila ya mtarjumani kukaa pembeni na kipaza sauti chake akizifasiri kwa Kiswahili. Nasema mapema, ili msomaji asihangaike kuitafuta rai yangu, kwamba amri hiyo ni dhulma, na kwamba dhulma yake haimwangukii yule kijana aliyenyang'anywa kipaza sauti peke yake, bali yamwangukia kila mtu aliyelipa kiingilio chake akaketi juu ya ubao wa banda lile.

Mimi ni mtazamaji wa kawaida. Kwangu ni Kibiti mjini, na biashara yangu ya kamba hunishusha Nyamisati, na kutoka hapo hupanda mashua kuingia visiwani, ambako aghalabu hulazimika kulala nikingoja maji yajae; na anayengoja maji usiku hana pa kwenda ila barazani kwa wazee au bandani kwenye picha. Katika muda wa miezi miwili iliyopita nimetazama picha tatu ambazo zimenikaa moyoni. Moja ni ya marehemu Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, nayo, pamoja na kwamba ilinichosha kwa maongezi marefu ya sebuleni, iliwafanya akina mama waliokuwa nyuma yangu wabishane hadi mwisho juu ya nani mkosa na nani mkoseshwa. Ya pili ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ambayo nitairejea. Ya tatu ndiyo iliyozaa kadhia hii, na jina lake ni Shout at the Devil.

Picha hiyo ni ya mwaka 1976, nayo imetokana na riwaya ya Wilbur Smith iliyochapishwa mwaka 1968. Wakubwa wake ni Lee Marvin na Roger Moore, mmoja akiwa jangili wa pembe za ndovu na mwingine Mwingereza wa ukoo mzuri aliyetumbukizwa katika ujangili huo kwa hila, na mwisho wa safari yao ni kuitafuta na kuiangamiza manowari ya Wajerumani iliyojificha katika mikondo ya Rufiji. Manowari ile katika picha imeitwa Blücher, lakini hapana mtoto wa delta asiyejua kwamba inayokusudiwa ni Königsberg, ambayo tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja, kisha ikarudi kujificha mikokoni kwetu, hata tarehe 11 Julai 1915 ikapigwa na manowari za Waingereza, Severn na Mersey, na nahodha wake Max Looff akaamuru iteketezwe isitekwe. Banda lilijaa usiku ule kama siku ya maulidi. Watu walikuja kwa mitumbwi kutoka vitongoji vya mbali, wakiwa wamesikia kwamba inaonyeshwa picha ya kwao.

Naam, huo mto ulipotokea katika pazia, mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu, ambaye maisha yake yote yamekwenda katika kukata boriti za msinzi na mkandaa, aliinua mkono akauliza kwa sauti, "Mkondo gani huu? Simba Uranga si huu, Kikunya si huu, Msala si huu." Mtarjumani, kijana ambaye huitazama kila picha mchana peke yake na kuandika katika daftari la shule maneno atakayoyasema usiku, aliisimamisha picha akajibu kwa adabu, "Shikamoo babu. Hapo si kwetu. Picha hii ilipigwa Afrika Kusini na Malta." Kisha akaiendesha tena. Ndani ya picha hiyo yumo mtumishi wa yule jangili, jina lake Mohammed, mtu wa pwani yetu kwa jina na kwa mavazi. Naye ni bubu, hana ulimi, huzungumza kwa mikono na macho tu tangu mwanzo. Kijana alipoona watu wananong'onezana wasijue yule mtu anataka nini, alisema, "Huyu wamemfanya bubu, mimi nitamsemea kwa niaba yake, na maneno haya ni yangu." Basi tangu hapo Mohammed akawa anasema. Alisema kwa Kiswahili cha huku huku, chenye lafudhi ya Kindengereko, akimwonya bwana wake asiingie mto kwa maji kupwa, akiwataja watu waliochomewa nyumba, akiuliza ujira wa wachukuzi utalipwa na nani. Banda zima lilinyamaza kumsikiliza.

Hilo ndilo kosa. Asubuhi yake ilipelekwa shitaka kwamba kijana amemsemesha bubu, kwamba ameongeza maneno yasiyokuwemo, na kwamba anayethubutu kumtilia bubu maneno kinywani ataweza kumtilia mtu yeyote uwongo wowote. Na siku chache baadaye amri ikatoka.

Wanaoitetea amri wana hoja, na insafu yataka zitajwe. Wanasema kwamba picha ni mali ya mwenyewe, na asiyeifanya hana haki ya kuigusa. Hoja hii ina uzito wake, na yafaa ipelekwe kwa wanaohusika na hakimiliki. Lakini kamati haikuizuia picha yenyewe kuonyeshwa, ilimzuia mfasiri, kwa hiyo hoja hiyo siyo iliyoizaa amri. Wanasema kwamba watarjumani wengine hutia matusi mbele ya watoto. Ni kweli, nami nimewasikia, na dawa yake ni kuwakataza matusi na kuwatenga watoto saa za usiku. Wanasema kwamba wazazi wetu walizitazama picha za Kihindi katika Avalon na Empire za Dar es Salaam, wakamlilia Raj Kapoor katika Awara, wala hapakuwa na mtu wa kuwafasiria. Nimewauliza wazee waliokuwako, nao wameniambia kwamba kila safu ya viti ilikuwa na mjuzi wake aliyewanong'oneza wenziwe, na nyimbo zikamaliza yaliyobaki.

Hizo tuziache hapo, kwa kuwa hazifiki kwenye kiini cha jambo. Kiini kimo katika maneno mawili ya amri yenyewe, nayo ni haya: "kama zilivyo". Nataka tuyatazame kwa makini, maana yamesemwa kana kwamba ni maneno ya ukweli na amana, kana kwamba picha ikiachwa bila ya mtarjumani hubaki safi, haina mkono wa mtu ndani yake. Je, picha hii ilivyo ni nini? Ilivyo ni kwamba mto wa Rufiji haumo ndani ya picha ya Rufiji. Ilivyo ni kwamba Roger Moore, ulipowadia wakati wa kupenya melini pamoja na vibarua, alipakwa rangi nyeusi mwilini ili apite kama mmoja wetu. Ilivyo ni kwamba mtu wetu mwenye jina, aliyepewa nafasi ya kuandamana na wakubwa wa kisa, ameigizwa na Ian Holm, Mwingereza, na juu ya hayo akanyimwa ulimi. Huo ububu haukuteremka kutoka mbinguni, wala hakuna katika historia ya vita vile jambo lililoulazimisha. Uliamuliwa na mtu mezani pake, akaona kwamba kisa kinaweza kwenda toka mwanzo hata mwisho bila ya mtu wa pwani kusema neno moja, na kisa kikaenda.

Na kama kuna watu ambao vita vile viliwapa la kusema, ni hao hao. Baada ya meli kuteketezwa, mizinga yake 10 iliopolewa matopeni ikavutwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, kwa kamba na mabega ya mamia ya wenyeji, nayo ikapigana vita vya jemadari wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck. Mmoja wapo upo hata leo katika Ngome ya Yesu, Mombasa, watalii wakipigwa picha ubavuni mwake. Jina la nahodha twalijua, na majina ya meli zote twayajua, bali majina ya waliovuta kamba zile hayakuandikwa ukutani popote. Babu zao wale waliokuwa bandani usiku ule huenda walikuwa miongoni mwao. Basi mtu akiketi mbele ya picha inayodai kuwa ni ya mto wake, akamwona mtu wa kwao amefungwa kinywa, na kijana wa kijiji akasimama akasema waziwazi, "maneno haya ni yangu," kisha akauliza ujira wa wachukuzi uko wapi, huo si uwongo. Mwongo huficha mkono wake; kijana huyu aliuonyesha kabla hajautumia. Aliyeuficha mkono wake ni yule aliyemkata Mohammed ulimi, akatuuzia ububu ule kuwa ndio tabia ya mtu wa pwani.

Tena kazi hii ya kusema pembeni ya pazia haikuanzishwa na wahuni. Japani, zama za picha zisizo na sauti, walikuwako wasimulizi walioitwa benshi, ambao watu waliwafuata kuliko walivyowafuata waigizaji; kaka yake mwongozaji wa picha Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao, na picha zenye sauti zilipoivunja kazi yao alijiua mwaka 1933. Huku kwetu Waingereza wenyewe, walipofungua kituo cha kutengeneza picha za mafunzo huko Vugiri katika Usambara kati ya 1935 na 1937, walizitembeza kwa lori pamoja na sauti ya kuzieleza kwa lugha za wenyeji, kwa kuwa walifahamu kwamba picha isiyofahamika haimfundishi mtu kulipa kodi. Na katika zama zetu marehemu Kapteni Derek Mukandala, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Lufufu, aliwafasiria Waswahili picha za Hong Kong na za Marekani hata sauti yake ikawa mashuhuri kuliko nyuso za waigizaji. Ajabu ni kwamba mkoloni aliona haja ya mtarjumani, na kamati ya kijiji huru haiioni.

Nimesema nitairejea Vuta N'kuvute. Picha hiyo, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kushindania tuzo za Oscar. Niliitazama Kibiti sebuleni kwa rafiki yangu, na mama mkwe wake, ambaye hajui herufi, aliifuata toka mwanzo hata mwisho akampinga Yasmin hapa na kumwunga mkono pale, akamhukumu Denge kwa haraka yake. Hapakuhitajika mtarjumani, kwa kuwa watu wa picha ile walikuwa na ndimi zao. Basi anayechukizwa na kazi ya mtarjumani na azitake picha kama hizo ziwe nyingi, zifike hata Mbwera na Salale. Siku hiyo kijana wetu atakiweka chini kipaza sauti bila ya kuamriwa. Lakini kumnyamazisha leo, ilhali picha tunazoletewa ni hizi hizi, ni kumfungia mtu dirisha kabla hujamjengea mlango.

Na hapa subira yangu yakoma. Kamati ambayo haikuuliza kwa nini mto wa Rufiji haumo katika picha ya Rufiji, ambayo haikuona vibaya Mzungu kupakwa rangi nyeusi mbele ya watoto wetu, ambayo ililala usingizi mwema juu ya bubu yule mpaka aliposema, haina haki ya kujiita mlinzi wa ukweli. Ukaguzi wa picha una sheria yake ya mwaka 1976 na bodi yake. Kazi ya wazee wa kijiji ni kuhakikisha kwamba mtu wao anafahamu anachokitazama, kwa maana asiyefahamu hawezi kuhukumu, na asiyehukumu humeza kila alichoandaliwa. Mtarjumani akikosea, akosolewe hapo hapo bandani kwa Kiswahili alichokosea nacho, kama yule mzee alivyoukosoa mto.

Wiki iliyopita nilikuwa huko tena. Picha ile ile ilirudishwa kwa ajili ya watu wa vitongoji walioikosa, na safari hii ilionyeshwa kama ilivyo. Sabufa ilinguruma Kiingereza, vijana wakachezea simu zao, na kabla ya nusu ya picha mbao za nyuma zilikuwa tupu. Yule mzee wa boriti alikuwako, amekaa pale pale. Mohammed alipotokea akapunga mikono yake, mzee aliinama kusikiliza, akangoja, kisha akanigeukia akaniuliza, "Mwanangu, yule mtu wetu leo mbona hasemi?"

Swali hilo nawafikishia wanakamati kama nilivyolipokea. Jawabu lake ni kurudisha kipaza sauti.