Mitambo mipya isiue ujuzi wa waongozaji ndege

Hapana shaka kwamba mitambo ya kisasa imeibadili kazi ya kuongoza ndege. Tangu mwaka 2021, ndege zinazotua katika uwanja wa London City huongozwa kutoka Swanwick, zaidi ya kilomita 100 mbali. Mwongozaji haitazami tena ndege kupitia dirisha la mnara, bali kwa picha za kamera.

Wapo wanaohofia kwamba hatimaye mtambo utamfukuza binadamu kazini. Lakini yaliyotukia huko huko Uingereza tarehe 28 Agosti 2023 yanatufunza jambo jingine. Mtambo wa kupokea taarifa za safari ulikwama. Kwa kawaida ulishughulikia taarifa zipatazo 400 kwa saa. Wafanyakazi walipoziingiza kwa mkono, hazikuzidi 60. Ilibidi safari zipunguzwe kwa ajili ya usalama, na abiria zaidi ya 700,000 wakatatizika.

Hatari kubwa, basi, ni mwongozaji kuuegemea mtambo hata akasahau kazi yake. Vijana wanaosomea kazi hii, wakiwamo walioko Embakasi, wafunzwe mitambo mipya na pia namna ya kufanya kazi inapozima. Usiache mbachao kwa msala upitao.