JIKO LETU: Mboga za Porini na Mwiko wa Yai

Mvua ikinyesha, shamba hutoa mazao ya aina mbili. Kuna mazao tuliyoyapanda. Kuna pia majani yaliyoota yenyewe. Mama anayepalilia mahindi hurudi nyumbani na majani hayo katika khanga yake. Jioni yanakuwa mboga. Mwezi huu tuzungumze juu ya mboga hizo, na juu ya miiko ya chakula.

Nilikwenda kijiji kimoja katika Wilaya ya Handeni. Nilimkuta bibi mmoja amekaa uani. Alikuwa akichambua mboga.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu kitako.”

Karibu naye alikaa mkaza mwanawe. Alikuwa mja mzito wa miezi sita. Viganja vyake vilikuwa vimepauka. Akitembea kidogo alihema. Kliniki walikuwa wamemwambia kwamba damu yake ni pungufu.

Bibi alinionyesha mboga zake. “Huu ni mgagani,” alisema. “Tazama, jani lake lina vidole vitano kama mkono. Na huu ni mchunga. Ukiukata unatoa maziwa meupe. Yote ni michungu. Wazee walisema kichungu ni dawa. Nampikia huyu apate damu.”

Bibi alisema kweli. Majani mabichi ya kijani yana madini ya chuma. Mwili hutumia madini hayo kutengeneza damu. Majani hayo yana pia vitamini A, ambayo hulinda macho. Lakini mchunga si dawa ya kila ugonjwa. Mtu mwenye homa apelekwe zahanati.

Mara kuku alilia ndani ya nyumba. Alikuwa ametaga. Nikauliza, “Bibi, huyu mwenye mimba anakula mayai?”

“La! Akila yai, mtoto atazaliwa hana nywele.”

Nikamwuliza, “Bibi, wewe ulipokuwa na mimba ya mwanao, ulikula mayai?”

“Hata moja. Mwaka ule hata kuku hatukuwa nao.”

“Na mwanao alizaliwa na nywele?”

Bibi alicheka sana. “Alizaliwa na kichwa kitupu kama yai lenyewe!”

“Basi ni yai gani lililomnyoa, bibi?”

Bibi alinyamaza. Aliendelea kuchambua mboga.

Ndugu msomaji, si vizuri kuwacheka wazee. Wazee ndio waliotufundisha majani yanayolika. Lakini mwiko wa yai unamwumiza mama. Yai hujenga mwili wa mama na wa mtoto aliye tumboni. Haliondoi nywele za mtoto. Mama mja mzito ale yai lililoiva vizuri. Ale pia dagaa, samaki, nyama na maharage, kadiri vinavyopatikana. Asiache vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki.

JINSI YA KUPIKA MGAGANI KWA KARANGA

Tafuta vitu hivi:
mafungu 3 ya mgagani;
fungu 1 la mchicha au majani ya kunde;
kikombe 1 cha karanga zilizotwangwa;
nyanya 2, kitunguu 1 na chumvi kidogo;
limau au ndimu 1.

1. Chambua majani machanga. Yaoshe kabla ya kuyakata. Ukiyakata kwanza, vitamini hutoka na maji.
2. Chemsha maji kidogo. Tia mgagani, mchicha, nyanya na kitunguu. Funika chungu. Mchicha hupunguza uchungu wa mgagani.
3. Koroga karanga kwa maji kidogo. Mimina chunguni. Pika kwa moto mdogo mpaka karanga ziive. Mafuta ya karanga husaidia mwili kupokea vitamini A.
4. Tia chumvi. Usitie magadi. Magadi hulainisha mboga, lakini huharibu vitamini.
5. Epua. Kamulia limau wakati wa kula. Ukali wa limau husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Ukipenda, tumia maji ya ukwaju.

Usinywe chai pamoja na chakula hiki. Chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ngoja kama saa moja, ndipo unywe.

JIHADHARI

Bibi yule alinifundisha jambo kubwa. Alisema, “Usichume jani usilolijua. Mtoto akileta mboga, itazame kabla ya kuipika.”

Kuna mmea unaoota mashambani na jalalani. Maua yake ni marefu kama tarumbeta. Matunda yake yana miiba. Mmea huo ni sumu. Majani yake yakichanganyika na mboga, walaji hukauka kinywa, huona vitu visivyokuwapo, na wanaweza kufa. Mtu akipata hali hiyo, mpelekeni hospitali mara moja. Chukueni na mabaki ya mboga ili mganga ayaone.

Mnavu ni mboga nzuri, lakini matunda yake mabichi ya kijani yana sumu. Chuma majani machanga tu. Yachemshe vizuri, na maji ya kwanza uyamwage.

Kisamvu nacho kitwangwe sana. Kichemshwe muda mrefu bila kufunika, ili sumu itoke.

Usichume mboga katika shamba lililopigwa dawa ya wadudu.

Mboga zikiwa nyingi, kausha kwa ajili ya kiangazi. Zianike kivulini penye upepo. Jua kali hupunguza vitamini A.

Tulipokaa kula, bibi alileta ugali na mgagani. Hakusema kwamba amekubali maneno yangu. Lakini katika sahani ya mkaza mwanawe niliona yai moja limechemshwa, limekatwa vipande viwili.

“Kula, mwanangu,” bibi alimwambia. “Nywele zitaota.”

JADILIANENI
Katika kijiji chenu, mama mja mzito anakatazwa kula nini? Ni nani anayekula chakula hicho badala yake?

Tukutane mwezi ujao.