Tumewapa watoto nambari, kuta je?

Haya jamani, leo tuache programu kidogo tuongee kuta. Tarehe 23 Septemba 2019 madarasa yaliporomoka katika shule moja ya Ng'ando, Nairobi, yakaua watoto wasiopungua 7. Tangu 2017 tulikuwa na NEMIS, mfumo wa kumpa kila mwanafunzi nambari. Jengo lake nani alilifuatilia?

Sisemi tuunde mfumo wa mamilioni. Kila muhula mwalimu apige picha ya ufa au nguzo iliyoinama, pale pale, rula ikiwa kando, aandike tarehe na upana. Simu inatosha. Ufa ukipanuka, darasa lifungwe, mhandisi aje. Asipokuja, hizo picha ni albamu tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mnaonaje?